Njia za Kazi na Njia za Matembezi katika Msitu wa Kilimanjaro

Vitabu vilivyo vingi juu ya mlima Kilimanjaro vimeandikwa na watu waliokuwa na haraka ya kufika juu. Msitu hupewa kurasa mbili tatu zenye ukungu, matope na mizizi ya kujikwaa, kisha msomaji hutolewa mbio mpaka penye mawe na barafu, mahali ambapo mwandishi aona kuwa ndipo habari yenyewe ianzapo. Makala haya yatakaa chini. Kilele kitatajwa kwa lazima tu, kwa sababu ninachotaka kuchunguza ni mshipi wa miti uuzungukao mlima katikati, kati ya vihamba vya migomba na nyika ya juu, na hasa mapito yaliyokatwa ndani yake. Mapito hayo leo yajulikana ulimwenguni kote kuwa mahali pa matembezi. Zamani yalikuwa mahali pa kazi, na si bure kuuliza ni nani aliyeyageuza, kwa amri gani, na mwenye kazi alikwenda wapi.

Kwanza msitu wenyewe. Upande wa kusini, unaopokea mvua nyingi kuliko pande nyingine zote, miti husongamana kuanzia yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 3,000. Humo mna mikulo, ambayo mbao yake yanukia kafuri, mna podo, na katika sehemu za juu mna miti ya jamii ya erika iliyofunikwa na kuvu za kijivu zining'iniazo kama ndevu za wazee. Mbega hupita vileleni mwa miti, na chini penye unyevu huota ua dogo jekundu lenye manjano ambalo halioti po pote duniani ila mlimani hapo. Aliyetembea katika Mlima Kenya hushangaa kukosa mshipi wa mianzi, maana huko mianzi ni mingi na Kilimanjaro ni kama haipo. Lakini kwa watu wa chini, sifa kubwa ya msitu huu ni maji. Vijito vyao vyatoka humo, na kihamba bila maji si kihamba.

Kwa hiyo njia za kwanza za msituni zilikuwa njia za maji. Wachagga walichimba mifereji, waiitayo mifongo, ambayo huanza katika vijito vya juu, hukata mbavu za vilima kwa mteremko mdogo mno, na kushuka hadi penye nyumba na mashamba. Mfongo haujitunzi. Kila mvua kubwa huleta majani, mawe na vigogo mpaka mahali pa kuchotea maji, na watu hawana budi kupanda kwenda kuzibua. Mfongo ulikuwa na ukoo wa waliouanzisha, na mzee wa kuusimamia, na siku za kazi ambazo asiyefika alitozwa. Pembeni mwa mifongo palikuwa na kijia, na kijia hicho ndicho kilichowaingiza watu msituni kizazi baada ya kizazi. Walikuwapo pia warina asali, wawindaji wa tembo, wakata mbao na wakata majani ya ng'ombe, ambao hufugwa ndani na kuletewa chakula chao kichwani. Kila kundi lilikuwa na njia zake na heshima zake. Jani la sale, ambalo katika nchi hiyo laweka mpaka na laomba msamaha, lilikuwa na maana msituni kama lilivyokuwa na maana nyumbani.

Wako waandishi wa kigeni waliosema kwamba mwenyeji aliuogopa mlima, basi hakuwa na haja nao ila kuuepuka. Maneno haya yana ukweli kidogo na upotovu mwingi. Ni kweli kwamba baridi ya juu iliogopwa, na ilistahili kuogopwa. Lakini watu waliouhesabu upande wa Kibo kuwa upande wa heshima, na waliowasimulia watoto wao jinsi Mawenzi alivyokwenda kuomba moto kwa ndugu yake Kibo mara moja zaidi ya ilivyofaa, akapigwa mchi hata akabaki na magego haya tuyaonayo, hawakuwa watu wasioutazama mlima wao. Hawakuwa na desturi ya kuupanda kwa kujifurahisha, basi. Desturi hiyo hata Ulaya ilikuwa bado changa.

Tena wako waliojaribu kabla ya mgeni ye yote. Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai na kuona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, alisimuliwa katika safari zake za Uchaggani kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wachunguze ile ‘fedha’ nyeupe iliyong'aa juu, na kwamba karibu wote walipotea, akarudi mmoja mwenye mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Rebmann hakuipata njia ya Uchaggani kwa ramani. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara wa pwani, aliyeijua nchi hiyo kwa biashara. Huko London, bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyekuwa hajauona mlima, aliandika kwa miaka mingi kwamba theluji hiyo haipo. Bwana Kheri hakuulizwa.

Baada ya Rebmann walifuata wengine. Baron Karl Klaus von der Decken alijaribu mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, mvua ikawarudisha wakiwa bado msituni. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten wakapita msitu hadi zaidi ya mita 4,000. Charles New, mmisionari Mwingereza, aligusa theluji mwaka 1871. Kila mmoja wao ilimbidi amwombe Mangi ruhusa, atoe zawadi, na apewe watu wa kumwonyesha mapito. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa baadaye mambo yaligeuka, na mwenyeji ndiye akawa mwomba ruhusa.

Hans Meyer alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria. Walitokea Marangu, kwa Mangi Marealle, aliyewapokea vizuri kwa sababu zake mwenyewe: alikuwa mtawala mdogo kati ya wakubwa, na mgeni mwenye nguvu alikuwa mali. Watu wengi wa msafara waliachwa katika kambi ya msituni. Wengine walipandisha chakula na kuni zamu kwa zamu. Na mmoja, Mwini Amani wa Pangani, alikaa na Wazungu wawili katika kambi ya juu, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hakuzaliwa nayo, akiwapikia na kulinda hema walipokuwa barafuni. Meyer alimsifu katika kitabu chake. Hakuna sehemu ya mlima iliyopewa jina lake.

Marangu yenyewe huhifadhi habari nyingine juu ya safari hiyo. Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, alikumbukwa kuwa kiongozi wa njia, na katika sherehe za miaka 100 mwaka 1989 alitunukiwa kwa ajili hiyo. Yasimuliwa kwamba alikuwa kijana wa ukoo uliojua msitu kwa asali na kwa kuwinda tembo, na kwamba siku wageni walipowasili kwa Marealle yeye alikuwa ameletwa barazani ahukumiwe kwa kosa la kukwepa kazi ya kutengeneza barabara. Wazee walipoona ni wa ukoo gani, wakamtoa mashtakani wakampa wageni. Mwanahistoria ana haki ya kusita. Ikiwa masimulizi ni sawa, mzee huyo alifariki akiwa amepita sana miaka 110, na umri wa namna hiyo hautakiwi kukubaliwa kwa upole. Hata hivyo, naona kwamba kiini cha habari hakitegemei cheti cha kuzaliwa. Masimulizi yenyewe yajua mambo mawili ambayo kitabu cha mpanda mlima hakiyatilii maanani: kwamba njia ya msituni ilikuwa elimu ya koo fulani, na kwamba mtu wa kwanza kuongoza matembezi alikuwa mtoro wa kazi ya njia.

Tufike sasa kwenye majina, maana njia ya matembezi haikamiliki bila vituo, na kituo hakikosi jina. Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya 1914, walisafisha njia ya Marangu na kujenga vibanda viwili vya kulala: kimoja karibu na ukingo wa juu wa msitu, mita zipatazo 2,700, wakakiita kwa jina la Bismarck, cha pili nyikani, karibu mita 3,700, wakakiita kwa jina la Peters. Kilele walikuwa wamekwisha kukipa jina la Kaisari Wilhelm. Bismarck twamjua: ndiye aliyeongoza mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Lakini Carl Peters si jina la mbali kwa watu wa mlima huo. Mwaka 1891 alikuwa kamishna wa serikali ya Kijerumani Kilimanjaro, kituo chake kikiwa Marangu, na huko aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk, na mwanzoni mwa 1892 kwa mwanamke aliyeitwa Jagodia. Habari hizo zilifika bungeni Berlin zikaleta kishindo, na mwaka 1897 Peters aliondolewa katika utumishi. Basi serikali yake mwenyewe ilimwona hafai, na bado baadaye jina lake likabandikwa juu ya kibanda ambacho wajukuu wa Marangu walipandishia kuni na maji migongoni.

Waingereza waliposhika nchi walibadili majina mengi. Nchi nzima ikawa Tanganyika. Wilhelmstal ya Usambara ikarudi kuwa Lushoto. Vibanda vya mlimani viliachwa. Bismarck na Peters walidumu katika miaka yote ya utawala wa Waingereza, na wapandaji waliyatamka majina hayo kama watu watamkavyo jina la stesheni ya gari la moshi. Sidhani kwamba kulikuwa na nia mbaya. Palikuwa na jambo baya zaidi ya nia, nalo ni kutoona: mlima wa matembezi ulikuwa umekwisha kutengwa na nchi iliyokuwa chini yake, hata yaliyotendeka Marangu hayakuonekana kuwa na uhusiano na kibanda kilichokuwa juu ya Marangu.

Kutengwa huko kulikuwa na sheria nyuma yake. Wajerumani waliuweka mlima chini ya hifadhi ya wanyama mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1921 Waingereza wakaitangaza misitu yake kuwa hifadhi ya serikali. Hoja ya mabwana misitu haikuwa upuuzi. Walitaka kulinda maji, na walitaka mbao zisiishe. Ila kwa sheria hiyo watu wa msituni waligawanyika makundi mawili ambayo hayakuwapo kabla: mwenye kibali, na mwizi. Mkata kuni aliyepita njia ya babu yake aliweza kukamatwa, ilhali mgeni aliyekwenda kutazama aliweza kupita kwa amani, kwa kuwa hakuchukua kitu.

Shida ya kuni na majani ilikuwa kubwa mno kuachwa hivyo, kwa sababu ardhi ya vihamba ilijaa watu upesi. Mwaka 1941 palitengwa ukanda wa upana wa nusu maili kandokando ya mpaka wa chini wa msitu, ukawekwa chini ya Baraza la Wachagga, ili watu wapande miti yao, wakate kuni, na walishe mifugo wao pasipo kugusa msitu wa ndani. Kwa maoni yangu ukanda huu ni mojawapo wa mambo ya maana sana katika historia ya mlima, nao hautajwi kamwe katika vitabu vya wapandaji, ingawa kila mpandaji aliupita kwa miguu yake siku ya kwanza. Ulikubali kwa maandishi kwamba msitu una jirani, na kwamba jirani ana haki.

Miaka hiyohiyo matembezi yalikuwa yakipata taratibu zake. Mwaka 1929 wapanda milima wa Afrika Mashariki waliunda chama chao Moshi; mwaka 1932 kibanda cha tatu kilijengwa chini ya Kibo, mita zipatazo 4,700. Majina yalizidi kupandwa: Clement Gillman, mhandisi wa reli na mwanajiografia, alipewa ncha moja ya ukingo, Stella, mke wa mpandaji mmoja wa mwaka 1925, akapewa nyingine, Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyepanda mara nyingi sana, akapewa shimo la volkeno lenyewe. Upande wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilifunguliwa Loitokitok shule ya kufundisha vijana ujasiri na uongozi kwa kuwapandisha mlimani, na humo vijana wa Kiafrika wa makabila mengi walipanda kwa mara ya kwanza bila mzigo wa mtu mwingine. Na huku Marangu, Petro Itosi Marealle, mtu wa ukoo uleule uliompokea Meyer, alitoa mwaka 1947 kitabu chake cha Kiswahili juu ya maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera. Atakaye kujua jamii iliyoishi chini ya msitu ilivyojiona yenyewe na aanze hapo, kisha ndipo asome shajara za wapandaji.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru. Baadaye na vibanda vikapata majina mapya. Bismarck akawa Mandara, kwa jina la utani la Mangi Rindi wa Moshi. Peters akawa Horombo, mtawala wa Keni aliyeunganisha nchi za Rombo kabla ya kuja Wazungu na kujenga ngome za mawe. Badiliko la pili ni la haki kabisa. La kwanza lina kejeli ndogo: Rindi ndiye aliyeshirikiana na Wajerumani mapema, na mwanawe Meli ndiye waliyemnyonga mwaka 1900. Pengine jina la Meli lingefaa zaidi. Ncha za Gillman na Stella zingali na majina yao.

Tukio kubwa la baada ya uhuru, kwa upande wa njia, halikuwa majina. Mwaka 1971 ulifunguliwa uwanja wa ndege wa kimataifa kati ya Moshi na Arusha. Mwaka 1973 mlima ulitangazwa Hifadhi ya Taifa, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na vibanda vya mbao vya Mandara na Horombo vikajengwa upya kwa msaada wa Norwei. Mipaka ya hifadhi hiyo yapasa kutazamwa kwa makini. Ilishika sehemu yote iliyo juu ya mita 2,700, yaani juu ya sehemu kubwa ya msitu. Na ndani ya msitu ilishika shoroba sita tu, vipande vyembamba vilivyoteremka katikati ya miti ili wageni wapate pa kupitia. Msitu uliobaki ulikuwa wa idara ya misitu. Kwa miaka zaidi ya 30, basi, njia za matembezi zilikuwa kama nchi nyingine ndani ya nchi. Mtu aliyesimama katikati ya njia alikuwa chini ya sheria moja, na aliyeingia hatua chache kichakani alikuwa chini ya sheria nyingine.

Hali hiyo ilikuwa na madhara, na si haki kuyaficha kwa kuwapendelea wenyeji. Mwaka 1987 mlima uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, lakini uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulikuta maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, mikulo ikiwa mingi miongoni mwake. Miti hiyo haikukatwa na vikongwe waokota kuni. Mbao za mkulo zina bei, na wenye misumeno walikuwa na wanunuzi. Mwaka 2005 serikali iliuingiza msitu wote ndani ya Hifadhi ya Taifa. Kwa msitu huenda ilikuwa nafuu. Kwa akina mama wa vijiji vya juu, ambao ukanda wa nusu maili ulikuwa ghala lao la kuni na majani, ilikuwa kuanza tena mjadala wa 1921: nani aingie, siku gani, achukue nini, na akikamatwa afanywe nini. Mwaka 2020, mwezi wa Oktoba, moto ulipowaka kwa siku nyingi juu ya ukingo wa msitu, wakazi, wanafunzi na askari wa hifadhi walipanda pamoja kuuzima kwa matawi na majembe. Siku hizo hapakuulizwa vibali.

Na kazi nayo haikuondoka njiani; ilibadili sura tu. Makumi ya maelfu ya wageni hupanda kila mwaka, na kila mmoja ana watu watatu, wanne au zaidi wa kumbebea hema, chakula, gesi na viti. Wapagazi hao mlimani hujiita wagumu. Kwa muda mrefu ugumu wao ulitumiwa vibaya: mizigo mizito kupita kiasi, viatu vilivyochakaa, malipo yaliyopungua njiani kati ya mkono wa mgeni na wao, na vifo vya baridi ambavyo havikuandikwa katika kitabu cho chote. Tangu 2003 limekuwako shirika la kuwatetea, na leo mizigo hupimwa langoni kwa mizani. Mgeni hufundishwa maneno mawili ya Kiswahili, ‘pole pole’, nayo ni shauri jema kwa mtu asiye na mzigo.

Katika lango la Marangu, njia ya Mandara hugawanyika mapema. Mkono wa kushoto waingia kijia chembamba kifuatacho kijito, chenye vivuli na maua, hadi Kisambioni ambako wageni hukaa kula. Hicho kimewekwa kwa ajili ya watembezi. Mkono wa kulia yaendelea barabara pana ya udongo, isiyopindapinda sana, na humo ndimo wapitamo wagumu, mzigo kichwani, wakitangulia mbio ili hema ziwe zimesimama na maji yamechemka kabla mgeni hajafika.